Ford ya Mzee Matiko

Mwaka 1958 Ojwang, mfanyabiashara mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, alimletea Nashoni boksi kutoka Nairobi. Ndani mlikuwa na Ford ndogo ya plastiki, vipande vipande, ya kuunga kwa gundi. Nashoni, aliyewahi kuwa dereva wa misheni na sasa mkulima kijijini Kemambo, alipoona picha ya juu akasonya. Wameifanya ya mashindano: paa limekatwa, madigadi hakuna, injini iko nje. Gari la heshima limevuliwa nguo mbele za watu.

Akamwambia mkewe, Nyangi, kwamba hii atairudisha kama ilivyotoka kiwandani.

Haikuwa kwa ajili yake mwenyewe. Baba yake Nyangi, Mzee Matiko, ndiye aliyeipokea Ford ya misheni ikiwa mpya, na ndiye aliyemfundisha Nashoni kuendesha, kiganja chake juu ya kiganja cha mwanafunzi kila walipobadili gia. Kisha Nashoni akamwoa Nyangi, na soni, ile heshima ya ukwe, ikaingia kati yao. Mkwe hampi baba mkwe mkono. Miaka kumi na moja viganja vile havikugusana. Sasa mzee ni kipofu, kifua kinambana, Ford yenyewe imeshauzwa chuma chakavu, naye kutwa anasema angeishika mara moja tu kabla hajaenda.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Nashoni aliinama hadi shingo ikakakamaa. Madigadi akayakata kwenye debe la mafuta ya taa. Paa akaliinua kwa vipande vya kibuyu alivyovisugua kwa mchanga. Majirani walimcheka, mwanamume mzima na kigari, naye akawaacha wacheke. Alipomaliza, akaipeleka kwa mzee huku moyo umejaa majivuno.

Nyangi akaipokea na kuiweka mapajani mwa baba yake. Vidole vikapapasa taratibu, vikasimama mbele, kwenye chuma cha kukinga injini.

"Hiki chuma ni cha nini?"

Nashoni akajibu kwamba ndicho kilichokuwa mbele ya Ford siku zote.

"Hicho alikiweka mhunzi wa Kisaka, baada ya mimi kugonga fahali," mzee akasema. "Kiwandani hawakuwajua ng'ombe wetu. Na tairi la akiba lilikuwa ubavuni. Umenitengenezea gari lako, mkwe, si langu."

Maneno yale yalimchoma, maana yalikuwa ya kweli. Alirudi nyumbani, akang'oa chuma, na ili kutia tairi la akiba akatoboa digadi la kushoto, likapasuka, akakata jingine. Likapasuka tena. La tatu likakubali. Hakumpumzisha hata Nyangi, aliyeshika taa ya chemli mpaka mkono ukafa ganzi.

Wiki ya pili mzee alikuwa hawezi tena kuketi bila kuegemezwa. Akaipapasa Ford kutoka taa hadi nyuma, akarudia. Nashoni alihesabu pumzi za mzee.

"Ndiyo yenyewe," Mzee Matiko akasema. Kisha akaishika mbele kwa mikono miwili, akaisogeza kuelekea sauti ya mkwewe. "Shika huko nyuma. Soni haikatazi gari."

Nashoni akashika. Akausikia mtetemo wa mikono ya mwalimu wake ukipita kwenye debe na kibuyu mpaka kwenye vidole vyake.

"Haya," mzee akasema. "Tia gia."