Ndaga ya Bibi Tulia

Mtafiti aliyepanga chumba kwa Bibi Tulia, huko Suma, alikuwa na desturi ya kutafuna kifuniko cha kalamu kila aliposhindwa kuamua. Msimamizi wake chuoni alitaka kabla ya Ijumaa achague njia moja: kuhesabu majibu ya watu, kusikiliza maelezo yao, au kuchanganya yote mawili, vinginevyo utafiti ungekataliwa. Asubuhi alizitetea takwimu, jioni akayatetea maelezo, na mezani aliyachanganya yote mpaka chai ikapoa.

Siku hiyo alimhoji mwenye nyumba wake. “Bibi, umeridhika na zahanati kwa kiwango gani, moja hadi tano?”

“Ndaga,” alijibu Bibi Tulia kwa lugha ya kwao, akiendelea kumenya ndizi.

“Hiyo ndaga ni ya asante au ya pole?”

“Ni ndaga tu, mwanangu. Mjukuu wangu alizaliwa pale, na mume wangu alifia pale pale. Sasa hapo utaweka ngapi?”

Mtafiti akaandika tano, akafuta, akaandika moja, akafuta tena, hadi karatasi ikatoboka. “Bibi, hata sijui niandike nini,” alisema kwa sauti ya chini.

“Ndaga,” alisema Bibi Tulia. Mtafiti akairudisha kalamu kinywani, asijue kama ameshukuriwa au amepewa pole.