Wimbo wa Kutwanga Uliokataliwa Mara Mbili

Enzi zetu kule milimani Usambara, muziki ulikuwa kazi ya watu wengi. Hakukuwa na mtoto mwenye muziki wake peke yake sikioni, kama wajukuu zangu hapa Doonside, mtaa wa Sydney, Australia, ambao ukitaka waje kula sharti kwanza uwaguse bega. Nyinyi mliokua miaka ile mtanielewa. Mwezi wa saba ukungu ulishuka mpaka mlangoni, nasi tukienda shule tuliwasikia wenzetu kabla ya kuwaona, maana kila mmoja alirudia sauti yake ya kwaya njiani. Soprano walitangulia, kwa kuwa walipenda kuonekana. Besi walichelewa, kwa kuwa walikuwa vijana wakubwa na ilibidi wakate kwanza majani ya ng'ombe. Sisi wa alto tulitembea katikati, kila mmoja ameshika kiazi cha moto kwa mikono miwili, kwanza kwa ajili ya baridi, kisha kwa ajili ya njaa.

Mwalimu wetu wa kwaya aliitwa Zefania. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake la kahawia lilikuwa jeupe kwa chaki upande mmoja. Nesi mmoja wa misheni alipostaafu na kurudi Ulaya alimwachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono pamoja na sanduku la santuri. Jumamosi baada ya mazoezi tuliketi sakafuni, Mwalimu akazungusha mkono wa gramafoni, na muziki wa watu waliokufa zamani ukajaa darasa lililonuka moshi wa nguo zetu.

Ndivyo nilivyoijua simfonia kabla sijajua umeme. Mwalimu alituambia simfonia ni kama kikao cha ukoo: anasema mmoja, wanamjibu watano, wanabishana, mwisho wanasema wote kwa pamoja na hakuna anayeondoka na kinyongo. Alituchezea walsi, nasi tukacheka kusikia kwamba watu wazima, mume na mke, walishikana viuno mbele za watu wakizunguka. Alituchezea vipande vya piano vilivyotungwa kwa ajili ya usiku, akatuambia tufumbe macho. Alisema watunzi wa karne ile ya kumi na tisa walichoka kutunga yale tu yaliyowapendeza wakubwa. Wakaanza kutunga yaliyo ndani ya mtu: huzuni yake, msitu alioupita, mvua, na nyumbani alikokuacha.

Mmoja wao, mtu wa Poland, aliondoka kwao akiwa kijana, vita vikaifunga njia ya kurudi, akafia Ufaransa. Dada yake akaurudisha moyo wake nyumbani ndani ya chupa ya pombe kali. Tulikaa kimya sana. Mwalimu alidhani tumeguswa na habari ya moyo. Kumbe sisi tulikuwa watoto wa misheni, na kilichotushtua ni ile pombe.

Mwingine alikuwa wa Vienna. Alitunga nyimbo mamia, za mtu mmoja na piano, na piano yenyewe mara nyingi ilikuwa ya rafiki. Alikufa kijana, maskini. Mwalimu aliisimulia habari hiyo kwa huzuni, akaweka santuri ikalia, akageukia dirishani. Basi tukaelewa kwamba amefiwa wiki ile. Kwetu mtu akifiwa huendi mikono mitupu. Jumatatu tukaja shuleni na rambirambi: maharage, ndizi, mkungu mzima uliobebwa na wawili. Mimi nilibeba mayai kwenye kitambaa. Mama alikuwa ameniuliza marehemu ni wa ukoo gani, nikamjibu kwamba siujui ukoo wake, ila ni rafiki wa Mwalimu na hakuacha mke wala mtoto. Mama akaongeza yai.

Mwalimu Zefania alivipokea vile vyakula kwa mikono miwili. Hakutucheka. Alisema, "Wanangu, huyu hajapata kuliliwa vizuri namna hii." Kisha akatupikia maharage yote mchana ule ule, nasi tukala matanga ya mtu aliyekuwa amezikwa kabla babu wa babu zetu hawajaota ndevu.

Nawasimulia haya ili mjue kwamba muziki ule haukuwa mgeni kwetu. Tuliupokea kama unavyompokea mtu, kwa chakula. Nao ulimfundisha Mwalimu jambo moja ambalo aliliamini kuliko yote: kwamba watunzi wale wakubwa waliinama wakasikiliza nyimbo za wakulima wa kwao, za kucheza na za kubembelezea watoto, wakaziingiza kwenye simfonia bila aibu. "Nasi tunangoja nini?" aliuliza.

Hakungoja. Alikwenda kwa bibi yangu, mama yake baba, aliyekuwa na wimbo wa kutwanga ambao wanawake wa mtaa wote waliujua. Alikaa jirani na kinu siku nzima akisikiliza mchi unavyoanguka. Wimbo wa Bibi akaufanya soprano. Mchi akaugeuza besi, sauti nzito ikianguka na kupumzika, ikianguka na kupumzika. Tenor akaipa kazi ya kujibu, kama jirani anayeitikia ng'ambo ya bonde. Na sisi alto tukapewa njia yetu ya katikati. Maneno aliandika ya shukrani kwa Mungu kwa mavuno. Tulipouimba mara ya kwanza kwa sauti nne, Bibi alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. Alisema hakujua kwamba alikuwa na watu wengi hivyo ndani yake.

Ijumaa kabla ya Sikukuu ya Mavuno mzee mmoja wa kanisa aliingia mazoezini. Nota za solfa, zile do, re, mi, zilijaa ubao mzima. Alisikiliza kidogo, akauliza kama huu si wimbo wa vinuni, ulioimbwa pia kwenye ngoma za unyago. Mwalimu akakubali kwamba ndio huo. Mzee akasema nyimbo za kipagani haziingii kanisani.

"Mzee," Mwalimu akasema kwa upole, "hata hao Wazungu tunaowaimba Jumapili, wengine nyimbo zao walizitoa kwa bibi zao."

"Bibi zao walikuwa Wakristo," mzee akajibu, akachukua dasta, akaufuta ubao mwenyewe, kutoka kona hadi kona, taratibu, huku sisi tukimwangalia.

Nimesamehe mengi maishani, kwa neema ya Mungu, na yule mzee nimemwombea. Lakini hasira ya siku ile bado ni mbichi. Alikuwa anamfuta bibi yangu. Mwalimu hakubishana. Mzee alipotoka, alinyanyua mikono, akatuonyesha nota kwa ishara za vidole, tukauimba midomo ikiwa imefungwa. Mazoezi yote yaliyofuata tuliuimba hivyo, mpaka alipohamishiwa shule ya mbali. Hakuna aliyeuandika tena. Ulibaki vichwani.

Katika vichwa hivyo, viwili vilifika Sydney. Changu, na cha Danieli, aliyekuwa mwimbaji wa besi, mkubwa kuliko mimi kwa miaka michache, na ambaye Mungu alinipa kuwa mume. Amefanya kazi miaka mingi katika maghala ya Wetherill Park, na alikuwa akiiimba ile besi midomo ikiwa imefungwa, akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Wenzake Wavietnamu walidhani anasali. Soprano tunaijua, kwa kuwa ndio wimbo wenyewe wa Bibi. Tenor imepotea, ila mtu mwenye sikio angeweza kuitafuta.

Mwaka huu daktari alikuta uvimbe kwenye koo la Danieli. Lazima apasuliwe, na daktari alituambia wazi kwamba sauti inaweza isirudi. Danieli hakulia. Alisema tu angependa vijana waipokee ile besi kabla hajaingia hospitali.

Kanisa letu la Kiswahili hukutana Mount Druitt, kwenye ukumbi tunaoukodi mchana. Tuko Wakongomani, Wakenya, Warundi na sisi Watanzania wachache, na kwaya ina vijana watano wenye sauti nzito ambazo Mwalimu Zefania angezililia. Sikukuu ya Mavuno ilikuwa inakaribia. Basi baada ya ibada, wakati wa chai, nilimwendea mwenyekiti wa kwaya, Wanjiru, nesi Mkenya, binti mchapakazi ninayempenda. Nikamweleza habari za koo la Danieli, nikamwomba Jumamosi mbili tu.

"Aki Shosho, pole sana na Guzo," akasema akinishika mkono; Shosho kwao ni bibi, na Guzo ni babu. "Lakini hizo sauti nne ni mambo ya wazungu. Sisi tunataka kitu ya kwetu, kitu African. Tushapata backing track iko na drums poa."

"Hizo ngoma amepiga nani?"

"Ni za computer, Shosho."

"Na hiyo kompyuta kwao ni wapi, Nyeri?"

Vijana wakacheka, Wanjiru naye akacheka. Papa Bahati, Mkongomani anayesimamia ratiba, akaingilia kwa heshima zote. "Mama, programme iko imejaa. Tutaiweka ile nyimbo yenu next year, si ndiyo?"

Nikawaambia kwamba mwaka ujao tutakuwa na wimbo bila mwenye besi. Nikawaambia ni wimbo wa kinu, wa mwanamke ambaye hakuwahi kuvaa viatu. Wakasikiliza vizuri, kama wanavyosikiliza matangazo. Mjukuu wetu akasema kwa Kiingereza kwamba si tatizo, Babu airekodi. Tukarekodi jikoni, mimi na Danieli, na imo kwenye simu mpaka leo. Lakini simu inatunza tu. Hakuna kijana aliyesimama bega kwa bega na Danieli, akausikia mchi ukishuka kifuani mwake, akajaribu, akakosea, akasahihishwa.

Mavuno yakaja. Watu walileta maboga na sukuma wiki za bustanini, spika zikapiga ngoma za kompyuta, kwaya ikaimba sauti moja na kucheza vizuri. Danieli alipiga makofi. Wiki iliyofuata akapasuliwa. Ni mzima, namshukuru Mungu kila asubuhi, na hilo ndilo kubwa. Anazungumza kwa mnong'ono. Besi haipo.

Mimi ni mtu wa subira, na nimefundishwa kushukuru katika yote. Lakini acheni niseme mara moja. Enzi zetu tulinyang'anywa wimbo huu kwa kuwa ni wa Kiafrika mno. Leo umekataliwa kwa kuwa ni wa kizungu mno. Waliotufutia ubao angalau waliogopa nguvu yake. Hawa wa leo hawakuuogopa hata kidogo, walikosa nafasi tu kwenye ratiba. Sijui Bibi angechagua lipi.

Juzi nilikuwa naosha vyombo, naimba njia yangu, na Danieli yuko mezani na chai yake. Mjukuu akatoa vile vitu masikioni, akasikiliza, akaniambia kwa Kiingereza chake, kwa upendo kabisa, kwamba nimepotea, huo wimbo hauendi popote.

Nikamwambia sijapotea. Hii ni alto. Ilitungwa ikae katikati ya watu.

Danieli akatikisa kichwa kukubali, akafungua kinywa, na mimi nikaacha nafasi pale ambapo mchi ulipaswa kuanguka.