Karata za Mjomba Traugott

Hapa Altenburg asiyejua kucheza skati, mchezo wetu wa karata, hata mchumba ni shida kumpata. Mjomba wangu Traugott, mwuza dawa wa mtaa wetu, anaijua sana na bado hana mke. Shangazi zangu wanasema alishaoa chupa zake.

Ni mnene, mcheshi, vidole vimejaa madoa ya iodini. Mwaka huu alichukua karata kuukuu kumi na mbili, akabandika karatasi, akaandika kwenye kila moja jina la elementi na uzito wake. Alikuwa amegundua kwamba elementi nyingine zina undugu. Zinakaa tatu tatu, tabia zao zinafanana, na ukijumlisha uzito wa mdogo na wa mkubwa ukagawa kwa mbili, unapata wa yule wa kati. Koo nne alizipata, sawasawa na rangi nne za karata zetu. Alitaka kitu kimoja tu: chama cha wasomi wa mji kiliandike jambo hilo kwenye kitabu chao.

Walikutana chumba cha nyuma cha baa, nami nikamfuata Mjomba. Mjomba akaeleza, wao wakapiga miayo.

"Huu ni mchezo, Traugott, siyo kemia," akasema mwenyekiti, Daktari Pfefferkorn. "Kusanya vitu vyako, ndugu yangu."

Mara mlango ukasukumwa. Wakaingia Balduin mshona kofia na Lobegott mwokaji, wenzake wa skati.

"We Traugott! Skati ni ya watatu. Sisi wawili tufanye nini, tutazamane?"

Mjomba akacheka. "Kaeni. Leo tunacheza hizi."

Balduin akatupa lithiamu, saba. Lobegott akapigiza potasiamu, thelathini na tisa. Ya kati ikalazwa kifudifudi.

"Haya, uzito wake?" akauliza Mjomba.

"Arobaini!" akasema Balduin.

"Wa kati amzidi mkubwa? Umelewa wewe!" akadakia Lobegott.

"Thelathini basi!"

"Ishirini na tatu, vichwa maji nyie!" akafoka Daktari.

Mjomba akaifunua sodiamu. Ishirini na tatu.

Daktari akaiva masikio yote mawili. Halafu akavuta kiti. "Nigawie na mimi."

Wasomi wakajaa mezani, wakipigiza karata mpaka bilauri zinaruka. Uzito wa bromini ulipopungua kidogo kuliko hesabu, ugomvi ukawa mtamu.

"Umeiba!"

"Mizani ndiyo imeiba!"

Njiani kurudi nyumbani nikamuuliza Mjomba kuhusu kitabu cha chama.

"Wataandika Jumamosi," akasema, akiimba.

Jumamosi hawakuandika. Katibu wao alikuwa ameshika karata kwa mikono yote miwili, na mkono wa tatu wa kushika kalamu hakuwa nao.