Mlango wa Bucha

Nakumbuka asubuhi moja nilitoka Tinde na begi lenye shati moja na nusu kipande cha sabuni, sijui niendako. Usinicheke, mwanangu. Shule niliiacha darasa la sita, lakini maswali hayakuniacha, na mtu wa maswali hatulii mahali. Lori la kwanza kusimama ndilo nililopanda, likawa linaelekea upande wa Bulyanhulu.

Juu ya mizigo nilimkuta Masanja, mchimbaji mdogo anayerudi machimboni. Tulitafuna karanga zake njia nzima. "Huna pa kulala?" akaniuliza. "Basi utalala kwangu. Ila nakoroma kama mashine ya kusaga." Hivyo nilipata mwenyeji kabla sijafika.

Tulipofika hakupumzika. Alijitwika kiroba cha mawe, akapanda kifusi, akateleza. Alitua chali juu ya mawe.

"Mgongo," alisema. "Mgongo wangu." Lakini miguu yote miwili aliitikisa. Niliiona kwa macho yangu, mwanangu. Lishike hilo.

Kule machimboni aliyeumia huwahishwa kwa pikipiki: anakalishwa katikati, dereva mbele, mwingine nyuma amemkumbatia. Dereva alikwisha kuwasha. Nami, mgeni anayetaka kuonekana mwema, nikamshika Masanja kwapani, nikamkalisha. Akapiga yowe. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Miguu inakufa ganzi."

"Bebe!" sauti ikaita kwa Kisukuma. "Wewe! Usimwinue!" Alikuwa Mzee Mabula, mwenye bucha ya pale, anakuja mbio na aproni yake ya damu. "Tulia hivyo hivyo. Kichwa kisilegee. Sasa mrudishe chini, taratibu."

"Mzee, tunachelewa," dereva akalalamika. "Huyu si ng'ombe!"

"Angekuwa ng'ombe ningekuruhusu. Huyu anataka kutembea kesho."

Akang'oa mlango wa bucha yake. Tukamgeuza Masanja watu wanne kwa hesabu moja, kichwa, mabega na kiuno pamoja kama gogo, tukausukuma mlango chini yake. Mzee alimshika kichwa kwa viganja viwili mpaka kituo cha afya, tukitembea kwa miguu, dereva akitangulia kuwapa taarifa. Mwenda pole hajikwai, wanasema. Hawasemi jinsi njia inavyorefuka unapokwenda pole na mwenzako hasikii miguu.

Masanja akachukuliwa na gari kupelekwa hospitali kubwa. Sisi tukarudi kungoja simu. Mzee akanionyesha uti wa mgongo wa ng'ombe uliokuwa mezani.

"Unadhani ni mfupa mmoja?" akauliza. "Hesabu."

Zilikuwa pingili, moja juu ya nyingine, na kati yake vitu vyeupe laini kama sahani ndogo, vinavyozuia mfupa kusaga mfupa. Akachomeka kijiti kwenye tundu linalopita katikati ya pingili zote. Kikatoka na ugwe mweupe, laini kuliko ini.

"Huu ndio unaopeleka habari miguuni. Mfupa ukivunjika unaweza kuunga. Huu ukikatika, basi. Pingili iliyovunjika ni kisu kilichoelekezwa hapa. Wewe ulimkunja."

Hakupaza sauti. Angenipiga ningeona nafuu.

Baadaye nilimuuliza kila tabibu niliyekutana naye. Binadamu ana pingili saba shingoni, kumi na mbili zinazobeba mbavu, tano za kiuno, na chini yake zilizoshikamana mpaka kifupa cha mkia. Nimezijua zote. Majuto ni mjukuu, ndivyo nilivyosoma.

Jua lilikuwa linazama simu ilipolia. Mzee akasikiliza, akanitazama. "Dole gumba la mguu wa kulia limecheza."

"Na la kushoto?"

"Hawajasema."

Akanifungulia chumba cha nyuma ya bucha, akanitandikia mkeka. "Mwenyeji wako hayupo. Lala hapa." Nikalala chali, nikipapasa mgongo wangu pingili kwa pingili, nikichezesha vidole vya miguu kila dakika kuhakikisha vipo.

Masanja anatembea, mwanangu. Ana wajukuu. Ila mguu wa kushoto anauburuta mpaka leo, na mimi sijui kama ni mawe au ni mikono yangu. Yeye husema ni mawe. Husema hivyo haraka mno.

Basi ukimkuta mtu ameanguka na analalamika mgongo au shingo, usimwinue, usimkalishe, usimpakie pikipiki. Mshike kichwa kisigeuke, mzungumzishe, itisha msaada. Ikibidi kabisa kumhamisha, tafuta ubao na watu wa kutosha, ageuke mwili mzima kwa pamoja. Na usione haya kuwazuia wenye haraka, hata kama wewe ni mgeni pale.

Mungu akujalie mgongo ulionyooka mpaka uzee. Akupe moyo wa kukimbilia wenzako, na ukifika hapo, aitulize mikono yako.