Kiganja Kwenye Mlango wa Pikapu

Ndoo ya kwanza fundi cherehani aliimwaga juu ya paa la pikapu kama mtu anayemmwagia mlevi maji ili azinduke. Maji yaliteremka kwenye kioo yakiwa safi, yakafika kwenye boneti yakiwa na rangi ya chai, na yalipogusa ardhi yalikuwa tope zito. Pikapu ilikuwa imerudi alfajiri kutoka mashambani, kwenye barabara yenye vumbi juu na madimbwi chini, na hapakuwa na sehemu yake hata moja iliyosalimika.

Kuosha magari haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kushona. Cherehani aliiweka barazani, ikitazama ua uliokuwa kati ya nyumba mbili: upande huu yake na mumewe, upande ule ya shemeji yake. Katikati ilikaa pikapu, ambayo ndugu wale wawili walirithi kwa baba yao. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu, aliiendesha usiku akileta mboga sokoni. Mdogo wake, aliyeitwa Kona kwa namna alivyozikata, aliiendesha mchana akibeba matofali, mbao na chochote kilicholipiwa nauli. Mpango huo ulikwenda vizuri miaka mingi, mpaka klachi ilipoungua.

Nani aliiunguza? Taratibu alisema ni mdogo wake, aliyezoea kuendesha mguu ukiwa umelala juu ya pedali. Kona alisema ni kaka yake, aliyepanda milima akiibembeleza klachi kama mtoto anayeota meno. Maneno yalipanda, yakavuka klachi, yakafika kwa marehemu baba yao na nani alimpenda zaidi. Tangu siku hiyo wanaume wazima wawili wakanuniana kama wake wenza.

Tabu yote ikamwangukia yeye. Akiinama tu kutunga uzi kwenye sindano, angesikia, "Mke wangu, mwambie mdogo wangu oili imepungua." Angevuka ua, akamwambia. Angerudi na jibu: "Shemeji, mwambie mumeo oili haipungui yenyewe, kuna mtu anaiendea na kijiko." Aliyapeleka, akayarudisha, mpaka siku moja, kichwa kikiwa kimejaa habari za pancha, mkasi ukamteleza ukapita katikati ya kitambaa cha mteja. Akasimama pale uani na mkasi mkononi, akawatangazia wote wawili.

"Mimi si simu. Kuanzia leo, atakayeniambia nimpelekee mwenzake neno, simpelekei. Hata kama nyumba inawaka moto."

Walimwelewa vizuri mno. Siku iliyofuata walianza kuzungumza kwa vidole, kwenye uchafu wa gari. Hawakuandika maneno. Mmoja aliporudi alichora mstari kwenye boneti au duara juu ya madigadi, alama walizofundishwa na baba yao, dereva ambaye hakupendana na kalamu. Mwenzake aliamka, akaizunguka pikapu, akasoma, akaondoka bila kumtazama mtu. Fundi hakujua alama hizo zilikuwa na maana gani, wala hakuuliza. Alizielewa zile walizoongeza wenyewe: masikio ya punda kwenye mlango wa nyuma, na ulimi mrefu chini yake.

Hivyo asubuhi ile alikuwa amekata shauri. Wakikosa pa kuchora, watafungua midomo.

Alisugua boneti kwa tambara lenye povu. Akachukua brashi ya sakafu, akaingia chini ya madigadi kukwangua mabonge ya tope yaliyokauka kama mikate iliyosahauliwa jikoni. Alisugua kofia za magurudumu mpaka akajiona usoni ndani yake, mfupi na mpana. Kwenye gurudumu la nyuma kushoto palikuwa na duara, akalifuta. Kwenye mlango wa dereva palikuwa na alama kubwa zaidi, na hiyo hata hakuitazama. Kuitazama kungekuwa kuisoma, na kuisoma kungekuwa kuibeba. Tambara likapita mara moja, mlango ukang'aa.

Kona alitoka akiwa ameshika kipande cha mkate mdomoni.

"Shemeji, leo gari inaolewa?"

"Inaolewa na nani, na nyie mmeitia aibu mtaani? Ukiwa na neno kwa kaka yako, mlango wake ule pale. Gonga."

Kona alicheka. Akaizunguka pikapu mara moja, macho yakipita kwenye boneti, milango na madigadi. Hapakuwa na kitu. "Leo hana la kusema," alisema, akakung'uta makombo mikononi. "Afadhali. Nakwenda tanuri la matofali, vibarua wangu wananisubiri njia panda." Akachukua ufunguo msumarini, akawasha, akatoka na pikapu safi kama sahani.

Fundi alikunja mikono akaitazama ikiishia. Mgongo ulimuuma, lakini moyoni alijiona amefanya jambo.

Mteja wake wa asubuhi, mwalimu wa shule ya jirani, alifika muda si mrefu kujaribu gauni. Fundi alipiga magoti barazani, pini zikiwa mdomoni, akaanza kukunja pindo. Hapo ndipo Taratibu alipojitokeza mlangoni na taulo begani, macho bado yamevimba usingizi. Aliutazama ua. Palikuwa na dimbwi la maji yenye povu, na katikati yake mstatili mkavu palipokuwa pameegeshwa gari.

"Pikapu iko wapi?"

Fundi alitoa pini mdomoni. "Mdogo wako kaenda nayo kwenye matofali."

"Ameenda nayo vipi, na mimi niliweka kiganja?"

"Kiganja gani?"

"Kwenye mlango wa dereva. Kiganja kizima, vidole vyote vitano. Maana yake gari haitoki. Baba alikuwa akiweka hivyo, na Kona anajua." Alikuwa amekwisha kushuka ngazi, miguu mitupu ndani ya povu. "Gurudumu la nyuma kushoto limedondosha nati mbili huko njiani, ya tatu inacheza. Nimerudi nalo kwa mwendo wa mgonjwa. Nilikuwa nalala kidogo, maduka yafunguliwe, nikanunue. Asingetoka. Haiwezekani akione kiganja halafu atoke."

Fundi alilitazama tambara, lililoanikwa kwenye kamba likichuruzika.

"Hakukiona," alisema. "Nimeiosha gari. Nimekifuta mimi."

Taratibu alirudi ndani mbio, akatoka na simu, akampigia mdogo wake. Ikaita mara moja, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa haraka zaidi. Kwa wiki tatu Kona alikuwa hapokei namba ile, na leo hakuona sababu ya kuanza.

"Piga ya kwako," Taratibu alisema.

Fundi alipiga. Kona akapokea, na nyuma yake injini ikisikika. "Shemeji, kama ni ujumbe wa mumeo, si wewe mwenyewe ulisema hupeleki? Basi usipeleke," alisema kwa utani, akakata. Alipopiga tena, simu ikaita mpaka ikanyamaza.

Kutoka njia panda kwenda tanuri kulikuwa na mteremko mrefu, na chini yake daraja lisilo na kingo. Kila mtu mtaani aliujua mteremko ule. Kona aliupenda, kwa sababu pale gari tupu hukimbia yenyewe. Na huko nyuma, kwenye bodi, wangekaa vibarua wawili wakining'iniza miguu.

"Lete yako, mwalimu," fundi alisema, na kabla hajajibiwa alikuwa ameichukua simu mkononi mwa mteja. Namba ngeni Kona hakuwahi kuiacha, maana huenda ni mzigo. Aliibonyeza namba ya Kona. Alijua ana neno moja tu, labda mawili, kabla sauti yake haijatambulika. Akiomba asikatiwe, atakatiwa. Akitaja jina la mumewe, atakatiwa.

"Halo, mzigo wa wapi?" Kona aliuliza.

"Kulikuwa na kiganja mlangoni. Nimekiosha."

Injini tu, na upepo.

"Kiganja kizima?"

"Kizima."

Hapo sauti ya Kona ikabadilika, ikawa ndogo. "Gurudumu lipi?"

Fundi aligeuka. Aliigeuza simu itoe sauti nje, akamnyooshea mumewe. Taratibu aliitazama simu ile kama kitu kilichotolewa motoni. Mkono wake ulikwenda nusu njia, ukasita. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini mkewe aliihesabu kama mwaka. Kisha akaichukua.

"La nyuma kushoto," alisema. "Lina nati mbili na nyingine inacheza. Uko wapi?"

"Nimeshaanza kuteremka."

Mwalimu, aliyesimama na gauni lililojaa pini, alijishika mdomo.

"Gia ya ngapi?"

"Ya nne. Linagonga, kaka. Nilidhani ni jiwe limeingia kwenye kofia."

"Usikanyage breki. Sikia, usiikanyage kabisa. Toa mguu kwenye mafuta. Vibarua wamekaa upande gani?"

"Kushoto wote."

"Wahamie kulia. Walale chini, wasisimame. Halafu shusha, weka tatu."

Walimsikia akipiga kelele dirishani, kisha injini ikilia kwa sauti nene. Chini ya mlio huo palikuwa na kingine, kishindo kizito kinachojirudia, kama mtu anayetwanga akiwa na haraka.

"Imeshika tatu. Linayumba. Nyuma kunataka kwenda peke yake."

"Liache liyumbe, usipambane na usukani. Weka mbili, achia klachi polepole. Polepole, mdogo wangu. Kulia kwako kuna ukingo wa udongo."

"Nauona."

"Uegemee. Kwa ubavu, usiende na pua. Itakwaruzika, iache ikwaruzike."

Kikasikika kishindo, halafu mkwaruzo mrefu wa bati, halafu simu ikanyamaza. Haikukatwa kwa hasira safari hii. Ilinyamaza tu, na Taratibu alipopiga tena sauti ya mashine ikamwambia mteja hapatikani.

Taratibu alivuta boksi la vifaa chini ya kitanda, wakakimbia hadi pembeni mwa barabara, wakajipakia wote wawili nyuma ya pikipiki ya kwanza waliyoiona. Mwenye pikipiki alitaka kujua wanakwenda wapi, akaangalia nyuso zao, akaacha kuuliza. Njia nzima fundi alikuwa ameibana simu ya mwalimu kifuani. Aliwaza kiganja alichokifuta bila kukitazama, jinsi kilivyotoka kwa urahisi. Aliwaza mke wa Kona, aliyekwenda kwao kujifungua, na akajaribu kupanga maneno ambayo angemwambia. Hakuna hata moja lililokubali kukaa karibu na jingine.

Walipofika kileleni waliiona. Ilikuwa karibu na mwisho wa mteremko, imeegemea ukingo wa udongo kama ng'ombe anayejikuna, iking'aa kwenye jua kiasi cha kuumiza macho. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limelala upande, limeshikwa na nati moja. Daraja lilikuwa mbele yake, umbali wa kutupa jiwe bila kujitahidi.

Kona alikuwa amekaa chini barabarani, mikono juu ya magoti. Vibarua walikuwa wamesimama kando, mmoja akijifuta goti lililochubuka, mwingine akisimulia kwa wapita njia mambo ambayo hata yeye alikuwa bado hajayaamini. Simu ya Kona ilikuwa vipande viwili mbele yake.

Fundi alishuka kwenye pikipiki. Alisimama pale pale.

"Ni mimi, shemeji," alisema. "Nilitaka mkose pa kuchora."

Kona alimtazama, kisha akaitazama pikapu. "Umeiosha vizuri," alisema. Sauti ilikuwa bado haijamrudia sawasawa. "Wangenitoa mtoni, wangesema marehemu alikuwa msafi."

Hakuna aliyecheka, ila kibarua mwenye goti, naye akaacha.

Taratibu alikuwa amekwisha kupiga magoti kwenye gurudumu. Aliweka jeki, akainyanyua pikapu, akalisukuma gurudumu likakaa mahali pake, akaishika ile nati iliyobaki kwa vidole viwili. Ilizunguka bila upinzani. Akaitazama kwa muda, mgongo wake ukiwa umewageukia wote.

"Toa moja kwenye kila gurudumu," Kona alisema kutoka pale alipokaa. "Ungefanya hivyo alfajiri. Mengine yangebaki na nne nne, hili lingepata zake."

"Alfajiri nilikuwa sioni mbele kwa usingizi. Nichezee magurudumu yote manne gizani, halafu iweje?"

"Basi ungenigongea mlango. Ningekushikia tochi."

"Ulikuwa umelala."

"Ningeamka."

"Ningekugongea nikwambie nini, na wewe salamu yangu huitikii?"

Kona aliinuka polepole, akipangusa suruali. Alikwenda kwenye boksi, akapekua, akatoa spana ya pili, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele.

"Ungeniambia gurudumu," alisema.

Spana mbili zikaanza kulia, moja mbele na nyingine nyuma, na fundi akaenda kusimama katikati yao akiwa amekunjua mikono yote miwili, wamwekee nati zisipotee kwenye vumbi.