Mafiga ya Sebuleni

Miaka ya kwanza baada ya uhuru, ukuta wetu ulikuwa na kalenda ya kanisa tu. Kisha kahawa ikalipa vizuri msimu mmoja, na mume wangu akarudi nyumbani Mikinduri kutoka Meru mjini na vyombo vitatu vya maua, vya kauri: kikubwa, cha kati na kidogo. Alikuwa amevizungushia blanketi kama mtoto mchanga. Vilikuwa vya kijani, na ndege mweupe shingoni. Walimu na wenye maduka walikuwa wameanza kuviweka, nasi tukajiona tumefika.

Mama mkwe, aliyezaliwa Mbeere kwa wafinyanzi, alikigonga kimoja kwa kucha, akasikiliza.

“Nyungu gani hizi zisizojua moto?” akaniuliza. “Basi zikae zote tatu kama mafiga. Ukitoa moja, mtalala njaa.”

Tulicheka, na jina likabaki. Watoto wetu watatu walikua wakikatazwa kucheza karibu na mafiga. Nilivifumia vitambaa vya kukalia, na kila Jumamosi niliyaosha maua ya plastiki kwa sabuni. Kabati lilibadilishwa, redio ikaipisha televisheni. Mafiga hayakusogea.

Mume wangu alipofariki, watoto walikaa na wazee wa ukoo kugawana shamba. Hayo niliwaachia wao. Walipomaliza mipaka wakaingia sebuleni. Hapo nikaomba vyombo vile vibaki pamoja, pale alipoviweka baba yao, hadi Mungu atakaponiita mimi pia.

Kifungua mimba wangu alinijibu kwa upole. “Mama, wewe ni mtu wa maombi. Vyombo vya nini tena? Kila nyumba ipate kumbukumbu yake.”

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Vikagawanywa kwa umri, kikubwa kwa mkubwa, kama ekari.

Namshukuru Mungu, wanangu wako hai, na hawanisahau kwa sukari. Vile vitambaa vitatu bado navifua, navipiga pasi, navitandika juu ya kabati tupu.

Majuzi nilimtembelea kifungua mimba kwake Makutano, mvua ikinyesha. Chombo kikubwa kilikuwa mlangoni, ndege wake amekwaruzika, kimejaa miavuli. Mke wake alinipokea kwa heshima zote.

“Weka wako humo, Mama, usiloweshe zulia.”

Nikauweka.