Bibi yangu aliulizwa "Umekoma?" akajibu "Bado, lakini karibu". Je, huyu tumhesabu alisikia Injili au hakusikia?

Wakuu, walionizidi umri nawapa shikamoo, ingawa sidhani kama mko wengi humu. Wadogo zangu, zenu nimeshazipokea, marahaba.

Hili ninaloeleza ni langu mwenyewe, sikuhadithiwa. Nikiongeza chumvi, ulimi unikatike. Shule niliiachia darasa la tatu, kwa hiyo wale wa kusahihisha herufi wapite tu, mlango uko wazi.

Juzi kuna mtu aliuliza humu: wale waliokufa kabla ya kusikia habari za Yesu, wanakwenda wapi?

Nikasoma majibu hadi macho yakauma. Huyu anasema motoni, yule anasema Mungu ana huruma, mwingine akatukaniwa mama yake bure. Mimi sikuandika kitu, maana langu haliingii huku wala kule. Mimi nina mtu aliyesikia, lakini alisikia vingine.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Kwetu ni ndani ndani huko Vitengeni. Ni miaka ya themanini, muda mfupi baada ya ule mwaka wa njaa, wa mahindi ya njano ya msaada. Waliokula yale mahindi wananielewa. Sima yake ilikuwa na harufu ya gunia, na hata mbuzi alikuwa anaitazama kwanza. Lakini tulikula, na tulishukuru.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana, nafunga makuti Gede na kule Watamu. Siku hizi mafundi wanaharakisha, wanapanga makuti mbali mbali kama meno ya mzee, halafu mvua ikija wanalaumu nazi. Haya, hiyo si habari yetu.

Gede ndiko nilikookoka. Ndiko nilikojulia Kiswahili pia, na ndiko nilikobatizwa nikaitwa Daudi.

Nikarudi nyumbani na jina langu jipya. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Nilikuwa na Hawe. Hawe kwetu Wagiriama ni bibi. Huyu alikuwa mama yake baba, jina lake Jumwa. Na mimi, kwa desturi yetu, nilipozaliwa nilipewa jina la babu yangu, mumewe, ambaye alikuwa Thoya. Kwa hiyo Hawe hakuwa akiniita mjukuu. Aliniita "mume wangu", na alinituma kama mume kweli.

Nikamwambia, "Hawe, siku hizi naitwa Daudi."

"Daudi? Na Thoya umemtupa wapi?"

"Sijamtupa, Hawe. Nimebatizwa."

"Mume gani huyu! Anakwenda kufunga makuti, anarudi na jina la mtu. Safari ijayo utarudi na miguu ya nani?"

Babu Thoya mwenyewe alikufa mimi sijazaliwa. Lakini pale nyumbani alikuwapo, maana koma yake ilikuwapo.

Nieleze kwa wasiojua. Koma kwetu ni roho ya mtu wa ukoo aliyekwisha kufa. Na kile kipande cha mti anachochongewa, kikasimikwa ardhini, nacho tunakiita koma. Hawe alikuwa kila akitaka kupanda mahindi anakimwagia uji kidogo, anampa mumewe habari za mji. Hata habari ya jina langu alimpelekea. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Thoya, mwenzio amekukimbia."

Shikeni hilo neno koma, wakuu. Msiliachie.

Basi akaja mhubiri, mtu wa bara, tukimwita Mwalimu Isaya. Mrefu, mpole, viatu vyeusi vinavyong'aa, na kwetu ni vumbi tupu. Kigiriama hakijui hata salamu. Nikawekwa mimi kuwa mkalimani, kwa sababu ya kile Kiswahili changu cha Gede.

Kazi ya ukalimani ni ngumu kuliko kuezeka. Paa likivuja utaliona. Neno likivuja hulioni.

Mahubiri ya kwanza alieleza habari za Adamu na Hawa. Akasema walikuwa uchi wala hawakuona haya. Sasa uchi kwetu ni tembo, pombe ya mnazi. Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja jirani, Baya, mnywaji mkubwa, akaruka: "Kumbe! Hata wao walikuwa na uchi! Basi ugomvi wetu na kanisa ni nini?"

Watu walicheka hadi mkutano ukavunjika. Mwalimu Isaya akaniuliza, wanacheka nini? Nikamwambia wamefurahia neno. Na ukweli ni kwamba walikuwa wamelifurahia.

Tukazoea hivyo, yeye anasema, mimi nageuza. Watu wakaanza kuingia, mmoja mmoja.

Hawe alikaa nyuma miezi mingi, miguu ameinyoosha, anasikiliza. Siku moja akasimama, akanielekeza kwa kidole. "Mume wangu, muulize huyo. Thoya alikufa kabla yake yeye kuja hapa. Yuko wapi?"

Nikauliza. Mwalimu akaeleza kwamba njia ni moja, na asiyepita njia hiyo hafiki.

Hawe akasema, "Muulize tena. Watu wa Rabai walijengewa kanisa babu zetu wakiwa watoto. Kutoka Rabai hadi hapa ni mwendo wa siku mbili kwa miguu, tena na mzigo kichwani. Hilo neno lilikuwa linatambaa?"

Wakuu, hilo nililigeuza lote, sikupunguza.

Hawe hakumwachia. "Thoya alifika Rabai. Alikwenda kubadilisha kuku kwa jembe. Akaniambia amesikia kengele inalia, akauliza ni ya nini, akaambiwa ni ya watoto wa shule. Akarudi. Sasa huyo alisikia au hakusikia?"

Mwalimu Isaya alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Akasema polepole, "Mwambie bibi, hata babu yangu mimi alikufa hivyo hivyo. Mimi sijui. Hukumu yao anayo Mungu, mimi sikupewa."

Nikamgeuzia Hawe. Mimi nilidhani atakasirika. Kumbe alicheka!

"Huyo sasa namwamini," akasema. "Mtu hajui, na amesema hajui. Niandikeni."

Hivyo ndivyo alivyoingia darasani. Mimi Daudi nilitaka kuruka kwa furaha. Usiku na mchana nilikuwa nikiwaza Hawe atakufa bila maji ya ubatizo, na mimi nitasimama mbele ya nani niseme nini.

Sasa kanisa letu lilikuwa la kuzamisha, si la kunyunyiza. Na kwetu maji ni silanga moja tu, bwawa la maji ya mvua, ng'ombe wanakunywa humo na sisi humo. Mwaka ule mvua ilikuwa haba. Ikaonekana maji yatatosha ubatizo wa siku moja tu, yakipungua hapo ni tope hadi mvua nyingine.

Siku ikafika. Kinamama wa kanisa walimletea Hawe gauni la kuazima. Akalivaa juu ya hando lake, ile sketi yetu ya marinda mengi, akawa mpana kama ghala la mahindi. Akasema, "Mungu akinikataa kwa ajili ya hando, basi alitaka gauni, hakunitaka mimi."

Mwalimu alisimama majini hadi kiunoni, mimi ubavuni pake. Kila anayeshuka alikuwa akiulizwa kwanza kama ameacha mambo ya zamani. Mwanzo aliuliza kwa urefu, "Umekoma mambo ya kale, matambiko na pombe?" Nami nikigeuza vizuri, maana kwetu kuacha kitu kuna neno lake jingine kabisa. Lakini watu walikuwa wengi na maji yanachafuka, naye akawa anafupisha.

Hawe alipofika akamwuliza tu, "Bibi, umekoma?"

Sijafungua kinywa bado. Hawe Kiswahili hakijui, lakini hapo katikati alisikia neno lake analolijua: koma. Yeye akaelewa anaulizwa kama amekwisha kuwa koma, yaani kwa uzee ule alionao. Akaona ni utani mzuri. Akajibu kwa vile vineno viwili vitatu vya dukani:

"Bado! Lakini karibu."

Ng'ambo ya silanga watu wakaangua kicheko. Mzee Baya alikaa chini kabisa.

Mwalimu Isaya hakucheka. Yeye alisikia mama mzee anakiri mbele ya watu kwamba matambiko hajayaacha, ila karibu ataacha. Uso ukamlegea kwa huzuni. Akamshika mkono kwa heshima.

"Bibi, asante kwa kusema kweli. Lakini siwezi kukubatiza leo. Ukishakoma kabisa, nitakubatiza."

Hawe akanigeukia, macho yanang'aa. "Amesema nikishakuwa koma atanibatiza?"

Hapo, wakuu. Hapo ndipo mahali pangu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Ngojeni, neno limepotea." Ni sentensi moja. Mwalimu ananitazama, Hawe ananitazama, watu wanacheka, wengine wamepanga foleni nyuma, maji yanazidi kuwa tope.

Na kulikuwa na jambo jingine, nalisema leo kwa sababu nimezeeka. Nilijua nikilisafisha lile swali, litaulizwa upya, na safari hii sawasawa. Naye ataambiwa aache kumwagia Thoya uji. Jibu lake nililijua.

Nikasema, "Ndiyo, Hawe. Utangojea kidogo."

Akapanda ukingoni, gauni kavu kuanzia kiunoni kwenda juu, anacheka peke yake. Njiani akaniambia, "Huyu mtu wa bara ana akili. Nikiwa koma nitakuwa karibu na Thoya. Akija atatubatiza wote wawili kwa mara moja, asipate taabu ya kurudi."

Sikumsahihisha. Alikuwa na furaha mno. Nilijiambia, mvua zikija nitaliweka sawa na Mwalimu.

Hazikuwahi. Hawe alianza kikohozi kabla ya miembe kutoa maua, na haikuchukua wiki tatu. Hakuogopa hata kidogo. Alimwagiza baba yangu mdogo amsimikie koma yake kando ya Thoya, isikawie miaka kama ilivyo desturi, "kwa sababu kuna mtu nimeahidiana naye hapo."

Watu hawakuelewa ni nani. Mimi nilielewa.

Tulipomaliza kuzika nikamfuata Mwalimu Isaya, nikamweleza lote. Neno koma, jibu lake, na uongo wangu.

Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo yeye alikufa akijua nimemwahidi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimemwahidi kumbatiza akiwa amekufa?"

"Yeye na mumewe."

Akasema, "Mbona hukuniambia siku ile, Daudi?"

Mvua zilipokuja silanga likajaa. Mwalimu alibatiza watu, akamaliza. Halafu nikamwona anakuja nyumbani kwetu, nguo bado zinachuruzika, amebeba kibuyu cha maji ya silanga. Akasimama mbele ya zile koma mbili, Thoya na Jumwa. Midomo ikawa inacheza, sauti haitoki.

Mwisho akakiweka kibuyu chini.

"Daudi, mimi siwezi. Kanisa langu haliruhusu, na hata moyo wangu haujui. Lakini niliahidi, kwa hiyo maji nimeleta." Akaondoka, hakugeuka nyuma. Mwaka uliofuata alihamishiwa kwao bara, sikumwona tena.

Nilibaki na kibuyu.

Nikamwaga kidogo kwa Thoya, jina langu. Nikamwaga kilichobaki kwa Hawe. Nilisema maneno, lakini msiniulize ni yapi, yalikuwa nusu ya kanisani na nusu ya nyumbani.

Hadi leo sijui nilifanya nini. Mkristo akiniona atasema nimetambikia koma. Wazee wangu wakiniona watasema nimewabatiza koma. Na mimi niliyemwaga, mkono ni wangu, siwezi kuwaambia.

Nilichojifunza ni hiki tu: ukisimama kati ya watu wawili wasioelewana lugha, ukaona neno limeanguka, liokote hapo hapo mbele ya wote, hata wakicheka. Mimi sikuliokota, na tangu siku hiyo ninalo mimi.

Sasa wenye elimu ya dini, nisaidieni. Aliyekufa bila kusikia mnabishana juu yake kila siku humu. Huyu wangu alisikia, akakubali, akafika hadi kwenye maji, akarudishwa kwa neno moja na mjukuu asiyesema kweli. Yeye mnamweka wapi? Na kama kuna kosa, limeandikwa kwa jina gani, Daudi au Thoya?

Semeni tu, hata wa kunisema vibaya aseme. Ila andikeni taratibu, mimi nasoma polepole.